Neno Refu Kuliko Yote

3 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote wawili, pamoja na mguu wa Mama, ambao siku hizi nausalimia peke yake kama vile ni mtu wa tatu nyumbani.

Nina shida ya kazi na mwenye kunisaidia ni wewe. Unajua kazi yangu hapa kiwandani ni kutafsiri vile vikaratasi vinavyokunjwakunjwa na kutiwa ndani ya boksi la dawa, vinavyosomwa na watu wawili tu duniani: mimi, na mgonjwa aliyekwisha kuogopa. Leo asubuhi nimegombana na mkuu wetu wa chumba cha tafsiri, yule tunayemwita Kalamu Nyekundu. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na maneno matatu ya kupima kizunguzungu. La kwanza "slightly". Nikaandika "kidogo", akakubali. La pili "fairly". Nikiwa bado nafikiri, akaandika "kidogo" mwenyewe. La tatu "rather". Akaandika "kidogo" tena. Nikamwuliza, mzee wangu, huyu mgonjwa atajuaje lini akae chini apumzike na lini akimbilie hospitali? Akanijibu kwamba kidogo haijawahi kumwua mtu.

Basi nieleze, Baba, kama ulivyokuwa ukitueleza kwa ile ngazi ya chaki kwenye mlango wa jikoni. Ngazi naiona machoni, lakini maana zimenitoka.

Halafu niambie ukweli wa Mama. Mkataba wangu unanipa ruhusa ya dharura mara moja tu kwa miaka miwili, siku kumi za kukaa nyumbani basi. Pasipoti yangu inakaa kwenye kabati la chuma la ofisi ya utawala mpaka mkataba uishe mwezi wa kwanza mwakani. Mara moja, Baba. Nikiitumia vibaya sina nyingine. Na simu hatuna, nyinyi hamna na ya kiwandani ni ya wakubwa, kwa hiyo macho yangu huko ni kalamu yako.

Binti yenu,
Kifungo


16 Februari

Marahaba, Kifungo.

Mwambie huyo Kalamu Nyekundu kwamba angekaa darasani kwangu angerudia mwaka. Keti unisikilize.

Kidato cha chini kabisa ni "slightly". Kitu unakihisi lakini unaendelea na shughuli zako. Juu yake "fairly": kipo cha kutosha, na aghalabu husemwa juu ya jambo lililomridhisha msemaji. Chai ikiwa "fairly" moto, unainywa. Inafuata "quite", ambayo ina tabia zake na siiamini. Kisha "rather", jirani yake "fairly" ila amekaa na manung'uniko. Chai ikiwa "rather" moto, umekwisha kuungua ulimi. Halafu "very", ambayo wavivu huitumia kwa kila kitu. Juu kabisa ni "extremely". Hiyo niliwakataza wanafunzi kuitumia zaidi ya mara moja kwa muhula, maana ukishaitumia umefika darini, huna pa kupanda tena. Miaka thelathini na moja nimewaimbia hayo, na bado walikuwa wakiniandikia kwamba ng'ombe ni mnyama "extremely" mkubwa.

Mama yako hajambo. Mguu umevimba "slightly". Anatembea "fairly" vizuri. Cherehani ameipumzisha kwa hiari yake. Jioni huwa amechoka, "rather", lakini nani asiyechoka?

Fanya kazi yako kwa utulivu.

Baba yako


2 Machi

Baba, shikamoo.

Umejisaliti mwenyewe. Umesahau kwamba anayekusoma ndiye uliyemfundisha. Umeandika "rather", Baba, katika barua ileile uliyosema neno hilo lina manung'uniko. Na Mama ameacha cherehani kwa hiari yake? Mama huyuhuyu aliyeshona mpaka saa ya kunizaa, nikatoka naye ameshika kifungo mkononi, ndipo nikapata jina hili?

Nakujua vizuri. Paa lilipoezuliwa na upepo uliandika kwamba limeharibika "slightly", nikaja nikakuta mnalala jikoni chini ya meza. Ulipopasuliwa tumbo uliandika maumivu "slightly", kumbe hata sahihi alikutilia Mama. Watu wengine hutia chumvi, wewe huiondoa. Nimekwisha kuzoea. Nikiona neno lako napanda vidato viwili, hapo ndipo ulipo ukweli. Ndivyo tunavyosomana mimi na wewe.

Lakini safari hii siwezi kukisia. Nikipanda vidato viwili nikakosea, nimechoma ruhusa yangu bure. Nisipopanda, nitafika nimechelewa. Roho yangu iko juu, kazini naandika kipimo cha dawa ya watoto mara mbili mbili nikiogopa nimekosea. Nakuomba ule kiapo kwamba kuanzia leo utaniandikia neno lenyewe kama lilivyo, bila kulipunguza.

Kifungo


15 Machi

Marahaba.

Nimekula kiapo. Mkono juu ya kamusi, Mama yako shahidi, naye amecheka mpaka akakohoa.

Basi huu ndio ukweli. Ni moyo. Daktari anasema moyo wake umelegea, hausukumi damu inavyopaswa, ndiyo maana miguu inajaa maji. Cherehani amekatazwa kwa sababu ya kukanyaga. Analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Nilimpokonya ufunguo wa cherehani, sasa ananiita askari jela.

Neno ni "rather". Sikupunguza, sikuongeza. Nilimwuliza daktari hali itapanda lini, akatazama dirishani kama mwanafunzi ambaye hakusoma.

Usije sasa. Tunza ruhusa yako. Siku ikifika nitakuambia. Mimi ndiye ninayepika, na yeye anakula bila kusema neno, jambo ambalo kwa mama yako ni dalili mbaya kuliko miguu.

Baba yako


TELEGRAMU
22 Aprili

EXTREMELY. NJOO. BABA


9 Mei

Baba,

Sikuanza kwa salamu, utanisamehe. Nimerudi huku kiwandani juzi, na barua hii nilikuwa nimekwisha kuitunga njia nzima.

Nilisafiri siku mbili na nguo nyeusi ndani ya begi. Nilikuwa nimeshajiliza mpaka nimekauka. Nasukuma mlango, na Mama yuko juu ya kiti, anatundika pazia! Kanigeukia na pini mdomoni, akasema, "Kifungo, umekonda." Hiyo ndiyo "extremely" yako, Baba? Mtu anayepanda viti?

Uliapa. Maisha yangu yote umekuwa ukipunguza, siku moja niliyokuomba uwe mkweli ukaamua kupaisha mpaka darini. Nilikuuliza kila siku mle ndani kwa nini, na kila siku ulifungua gazeti. Hata gazeti lenyewe lilikuwa la wiki iliyopita.

Najua nilinuna. Nilinuna siku zote kumi. Mama alitaka kunipima gauni, nikamwambia sina hamu ya kusimama. Aliniita tukae naye nje, nikajilaza chumbani mchana kutwa. Kila nilipomwona anatembea niliona ruhusa yangu inatembea naye, inayoyoma. Ndilo linaloniuma kuliko yote. Umenifanya nimkasirikie mama yangu kwa sababu anaweza kusimama.

Nimerudisha pasipoti kabatini na wameifungia. Sasa Mama akianguka kweli nitafanya nini? Niambie, wewe mwenye ngazi.

Kifungo


22 Mei

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Una haki. Neno nililiandika mimi kwenye karatasi ya posta, kwa mkono wangu, wala hakuna aliyenishika kiwiko. Sina la kujitetea.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama mabega yako bado yamekaa kama yalivyokuwa ulipoondoka kwetu mara ya kwanza. Nimemwambia mabega ya watu hayahamihami. Akaniambia mimi sijui lolote kuhusu mabega.

Pazia lile limekaa vizuri.

Baba yako


30 Juni

Kifungo, mwanangu,

Tangu wiki jana hawezi kuvuka chumba. Maji yamefika tumboni. Namwosha mimi. Namchana nywele, navuta vibaya, naye ananielekeza kwa kidole maana pumzi ya kusemea anaibania. Daktari amekuja mara mbili. Mara ya pili hakufungua mkoba.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta neno la kukuandikia. Neno lenyewe nimekwisha kulitumia mwezi wa nne. Nimewaonya watoto wa watu miaka yote ile, kisha nikafanya mwenyewe. Juu yake hakuna kitu. Nimetafuta mpaka kwenye kamusi kubwa, ukurasa kwa ukurasa, kama mjinga. Nikiliandika tena hutaniamini, na nikiandika la chini yake nitakuwa nimekudanganya.

Basi sikuandikii neno lolote. Nakuambia tu kwamba leo asubuhi alishindwa kushika kikombe cha chai. Kilikuwa nusu, nilikipunguza makusudi, na bado kilimshinda.

Najua walivyokufungia. Lakini kama kuna njia yoyote, mwanangu, njoo.

Baba yako


12 Julai

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika leo saa nne. Niliisoma nimesimama, kisha nikaenda moja kwa moja ofisi ya utawala hata aproni sijavua.

Wametoa faili langu. Muhuri wa ruhusa ya mwezi wa nne upo, na telegramu yako wameibana juu yake kwa pini. Yule mama wa utawala si mtu mbaya. Aliisoma, akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hapa walisema hali ni mbaya kupita kiasi, na mama akapata nafuu. Sasa imekuwa mbaya kupita ile ya kupita kiasi?" Kalamu Nyekundu alikuja mwenyewe kuniombea, Kalamu Nyekundu, Baba, tena kavaa tai. Alisema mimi si mtu wa kutia chumvi katika neno lolote. Wakamshukuru, wakamfungulia mlango atoke. Kabati la chuma liko hatua tatu kutoka kiti nilichokalia. Nilihesabu.

Na nikwambie la moyoni. Swali lile la mama wa utawala na mimi nilijiuliza. Nimekaa kitandani nasoma habari ya kikombe, na kuna sehemu yangu inasema, Baba ameanza tena, ukifika utamkuta juu ya kiti. Najichukia, lakini naishikilia sehemu hiyo kwa mikono miwili, maana sina kingine cha kushika.

Niandikie kwamba umetia chumvi. Nakuomba. Sitakasirika, nitacheka, nitawasimulia watu wote kiwandani. Na mwambie Mama mabega yangu yako palepale, na nikija nitasimama nipimwe kutwa nzima bila kukohoa.

Kifungo


24 Julai

Kifungo,

Mama yako amefariki tarehe kumi na saba, asubuhi, akiwa ameketi kwenye mito yake. Tulimzika kesho yake.

Barua yako imefika jana. Ile sehemu ya mabega niliisoma kwa sauti chumbani mwake. Sijui kwa nini. Basi tu.

Sikutia chumvi, mwanangu.

Nakutumia kifurushi. Ndani mna gauni, na barua aliyoiandika mwenyewe mwezi wa sita akaifunga kwa uzi na kunikataza kuituma yeye akiwa hai. Sijaifungua. Nadhani najua inasema nini, kwa kuwa aliniapisha ninyamaze mpaka uisome. Ndiyo maana kila ulichonirushia nilikipokea nikakaa kimya. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningerusha na kiti.

Ukilivaa niambie kama limekutosha. Alikuwa akiniuliza mpaka siku ya mwisho, na mimi sijui lolote kuhusu mabega.

Baba yako


5 Juni

Mwanangu Kifungo,

Baba yako anadhani nimelala. Naandika polepole, usiucheke mwandiko wangu.

Usimnunie. Ile telegramu ni yangu. Daktari aliniambia mimi kwanza, baba yako akiwa nje anatafuta miwani aliyoivaa, kwamba mwezi wa saba nikiuona utakuwa wa mwisho. Nikafikiri peke yangu. Huyu mtoto anaruhusiwa kuja mara moja. Akingoja mwisho, atakuta mtu amelala hamjui, atashika mkono wa baridi, atarudi. Nikasema hapana. Aje nikiwa bado naweza kumwambia kwamba amekonda.

Baba yako alikataa siku tatu. Kiapo, kamusi, sijui nini. Siku ya nne nilichukua futi yangu ya cherehani nikaenda mlangoni, nikayapima maneno yake ya chaki moja moja. Kiingereza sijui lakini urefu naujua. Nikamwambia, tuma hili, ndilo refu kuliko yote. Akaniuliza kama naelewa maana yake. Nikamwambia maana yake ni mtoto kuja. Akalia, akavaa viatu, akaenda posta.

Jambo moja lilinishangaza. Lile neno la chini kabisa, analolipenda yeye, lilikuwa karibu sawa na la juu. Lilizidiwa upana wa kifungo tu.

Lile pazia nusura liniue. Nilisikia lango, nikapanda kiti haraka ili usinikute kitandani. Ulipoingia kuoga nilikaa sakafuni nikahema, baba yako ananipepea na gazeti. Kama ningejua utakasirika kiasi kile ningebaki nimelala! Lakini nilitaka unikute mama yako, si mgonjwa.

Hata kununa kwako nilikufurahia. Ulikuwa ukinuna hivyohivyo ukiwa na miaka mitano, mdomo upande. Ulikataa kusimama nikupime, basi nikakupima mchana umelala, ulikuwa unakoroma. Gauni nimelishona kwa mkono, cherehani nimenyimwa. Mabegani sina hakika, ulilala ubavu. Nimeacha akiba ya kitambaa kwenye mishono, likibana fumua.

Siku kumi hazikutosha. Lakini nilikuona.

Mama


9 Agosti

Baba, shikamoo.

Kifurushi kimefika. Nisamehe. Neno hilo nimeliandika kwenye karatasi nyingine nyingi nikazichana zote, basi hapa libaki mara moja.

Gauni nimelivaa kwenda nalo kazini. Kalamu Nyekundu alinitazama, akaiweka kalamu mezani, akaniambia leo niende nyumbani. Nikamwuliza nyumbani wapi. Akavuta karatasi yangu ya kizunguzungu, na pale kwenye "rather" akakifuta "kidogo" chake, akaniambia niandike nitakavyo. Nilikaa nayo mpaka kengele ya kutoka. Sikupata neno.

Mabegani linabana. Sitalifumua.

Usile umesimama jikoni, najua ndivyo unavyofanya. Na ile ngazi ya mlangoni usiifute, hata ukipaka rangi nyumba nzima. Mwezi wa kwanza nitakuja, na safari hiyo sitaomba ruhusa kwa mtu. Nikija utanisimulia yote tangu siku ya kwanza, na usifungue gazeti.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Nimehuzunika "slightly". Unajua tunavyosomana mimi na wewe.

Kifungo